Kanisa la Murang'a: Kumbukumbu Iliyochorwa Ukutani

Bila shaka umewahi kwenda Nyeri. Kama si kwa arusi ni kwa mazishi, na kama si kwa mazishi ni ile ziara ya shule ya kwenda kutazama kaburi la Baden-Powell. Gari likifika Kenol, dereva hukaza mwendo moja kwa moja kuelekea Sagana na Karatina, nanyi abiria mnasinzia. Hakuna anayekumbuka kwamba mkono wa kushoto ipo barabara nyingine, ipitayo Maragua hadi mji wa Murang'a.

Jumapili moja mwambie dereva akunje hapo. Kutoka Nairobi hadi Murang'a ni kilomita 85 hivi, mwendo wa asubuhi moja hata kwa familia yenye watoto wadogo. Mji wenyewe umekaa mgongoni mwa kilima, nyumba zimepangana kandokando ya barabara zenye mikwezo, na pande zote macho yako yanapokelewa na mabonde, migomba na mashamba ya kahawa. Wakoloni waliuita Fort Hall, kwa jina la Francis Hall, ofisa wa Kiingereza aliyefariki hapo mwaka wa 1901. Wenyeji walikuwa na hesabu ndefu zaidi ya hiyo. Katika nchi hii ya Murang'a ndipo palipo Mukurwe wa Nyagathanga, mahali ambapo masimulizi yanasema Gikuyu na Mumbi walipewa makao yao ya kwanza.

Lakini leo hatuendi huko. Leo twende kwenye kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Ingia taratibu, uyape macho yako muda wa kuizoea nuru ya ndani, kisha utazame kuta.

Vioo vya rangi na sura za wageni

Mtu wa mjini akisikia habari za kanisa la kale, wazo lake la kwanza huwa ni vioo vya rangi. Ndivyo alivyozoea. Ukiketi ndani ya All Saints' Cathedral pale Nairobi, kanisa ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka wa 1917, jua linapopita madirishani hukuletea wekundu na buluu hadi kwenye kitabu chako cha nyimbo.

Watoto hupenda kuuliza vioo vile hupakwa rangi gani. Waeleze hivi. Fundi hakipaki kioo kama anavyopaka mlango, kwa maana rangi imo ndani ya kioo chenyewe. Mchanga unapoyeyushwa tanurini hutiwa madini. Kobalti huleta buluu. Shaba huleta kijani au wekundu, kulingana na moto ulivyotumiwa. Chembe za dhahabu huleta wekundu wa komamanga. Kioo kikishapoa hukatwa vipande vidogo vidogo, kisha nyuso na mikunjo ya nguo huchorwa juu yake kwa rangi nyeusi na kuchomwa tena hadi rangi ishikamane na kioo. Mwisho vipande vyote huunganishwa kwa tepe za risasi, nalo dirisha hukamilika. Katika Ulaya ya zamani, wakati watu wengi hawakujua kusoma, dirisha la namna hiyo ndilo lililokuwa kitabu chao. Mkulima aliinua macho, akaona Nuhu, akaona Yona, akarudi nyumbani na mafundisho.

Wamishonari walipopanda kuelekea Mlima Kenya mwanzoni mwa karne ya ishirini, walijenga kwanza kwa miti, udongo na nyasi, na baadaye kwa mawe. Vioo vya rangi vilikuwa ghali na njia ya kuvileta ilikuwa ndefu, basi mahali pengi badala yake zilikuja picha za karatasi na kadi za kugawia watoto wa Jumapili. Kitabu kilikuwa kilekile, na ila yake ilikuwa moja. Yesu alikuwa na nywele za singa, malaika walikuwa na macho ya buluu, na mara nyingi mtu mweusi pekee kwenye picha alikuwa yule mmoja wa mamajusi. Mtoto wa Kigikuyu aliyepewa kadi hiyo alifundishwa jambo ambalo mwalimu hakulitamka kwa kinywa: kwamba mbinguni ni kwa watu wengine.

Kanisa lililojengwa wakati wa moto

Ili uelewe kuta za Murang'a ni lazima ujue zilijengwa lini. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Vita vya Mau Mau vikawaka katika nchi yote ya Agikuyu, Aembu na Ameru. Wengi walikula kiapo cha ardhi na uhuru. Wengine walikataa, na miongoni mwao walikuwa Wakristo wa lile kundi la Uamsho, watu waliosema kwamba wamekwisha kushiriki damu ya Yesu na hawawezi kunywa damu nyingine. Wengi wao walikataa pia kushika bunduki za serikali. Hivyo wakawa katikati ya moto bila ngao ya upande wowote, na baadhi yao waliuawa.

Ni kwa ajili ya hao kanisa la Murang'a lilijengwa. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka wa 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, katika safari ileile ambayo alimtawaza Obadiah Kariuki kuwa mmoja wa maaskofu Waafrika wa kwanza wa Kianglikana nchini Kenya. Ndiyo sababu ya lile neno "Mashahidi" katika jina la kanisa.

Sasa hapa, msomaji, ndipo penye uzito. Katika miaka hiyohiyo watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka mashamba yao wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miiba. Maelfu kwa maelfu walifungwa kizuizini bila kesi. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa amri ya mahakama. Hao nao walikuwa na mama zao, na mama zao wengi walikuwa waumini. Katika boma moja ungeweza kukuta mwana mmoja yuko msituni, wa pili ni homgadi, na wa tatu anaimba kwaya. Basi kanisa linapojengwa kuwakumbuka waliouawa na upande mmoja, yule mama wa upande wa pili aketi wapi? Akiinua macho ukutani, aone nini?

Kijana wa mlima mwingine

Kazi ya kuchora kuta hizo ilifanywa mwaka wa 1959. Ulikuwa mwaka mchungu. Tarehe 3 Machi mwaka huo wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, na habari zake zikatikisa hata Bunge la Uingereza. Hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Wakati huo ndipo kijana ambaye hajatimiza hata miaka 30 aliposhika brashi mbele ya kuta tupu za Fort Hall.

Jina lake ni Elimo Njau. Usidanganyike na jina hilo ukadhani ni mtu wa Murang'a. Alizaliwa mwaka wa 1932 huko Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nchi ya Wachagga, ambako majina ya Njau yamejaa tele. Alisomea uchoraji Makerere, katika shule iliyoanzishwa na Margaret Trowell, mwalimu aliyewahimiza wanafunzi wake wachore walichokijua wao wenyewe badala ya kunakili picha za Ulaya. Kwa hivyo mtoto wa mlima mmoja akaja kuwachorea watu wa mlima mwingine. Migomba aliijua. Ukungu wa asubuhi aliujua. Wanawake wenye mizigo mgongoni aliwaona tangu utotoni.

Alichora picha tano kubwa: Kuzaliwa kwa Yesu, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Simama mbele ya kila moja na usiharakishe. Yesu ni Mwafrika. Watu waliomzunguka ni watu wa nchi hii, na nchi iliyo nyuma yao ni hii uliyopita asubuhi ukija, yenye matuta, miti na mabonde. Kwa kizazi kilicholelewa na zile kadi za Jumapili, jambo hili halikuwa dogo. Kulikuwa na watu wazima ambao hawakuwa wamewahi kufikiri kwamba Mariamu angeweza kufanana na shangazi yao.

Lakini tazama jambo la pili, ambalo ni rahisi kulipita. Kanisa ni la ukumbusho wa vita, na picha tano zilizochaguliwa ni za Injili. Yule mama tuliyemwacha akitafuta pa kuketi, awe mwanawe aliuawa kwa kukataa kiapo au alinyongwa kwa kukila, akiinua macho anamwona mtoto aliyezaliwa katika nchi yake, kijana anayeomba usiku akijua kwamba kesho watamchukua, na mwana aliyeuawa mbele ya mama yake. Hakuna anayehitaji kumweleza maana. Picha hazimuulizi alikuwa upande gani.

Njau baadaye aliishi Nairobi, na mwaka wa 1965 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Paa ya Paa, jumba la sanaa ambalo limewafunza wachoraji wengi wa Afrika Mashariki. Mwaka wa 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya hazina ya jumba hilo. Ndiyo maana kuta za Murang'a zina thamani hata zaidi. Kazi za turubai zinaungua, zinauzwa, zinasafirishwa. Hizi hazina pa kwenda, na ni juu yetu kuzifuata.

Ukiendelea hadi Nyeri

Kutoka Murang'a rudi kwenye barabara kuu pale Sagana, upite Karatina. Karibu na mji huo kuna kilima cha Tumutumu, na hapo misheni ya Waskoti, ambayo leo ni ya PCEA, ilianza mwaka wa 1908. Kama unataka watoto wapate somo la ulinganisho, waonyeshe kanisa la Kipresbiteri. Waskoti walilelewa katika mapokeo yasiyopenda picha mahali pa ibada. Kwao neno lisomwalo ndilo pambo, nayo mimbari hupewa heshima kuliko dirisha. Ukuta mweupe nao una mafundisho yake.

Ukifika Nyeri mambo yanageuka tena, maana hapa Wakatoliki wa Consolata kutoka Italia wameweka mizizi tangu mwanzo wa karne iliyopita. Katika kanisa kuu la Mama Yetu wa Consolata yamehifadhiwa mabaki ya Mwenye Heri Irene Stefani, mtawa aliyekuja Kenya mwaka wa 1915 na kufariki Gikondi mwaka wa 1930 baada ya kumuuguza mgonjwa wa tauni. Wenyeji walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Alipotangazwa kuwa mwenye heri hapo Nyeri tarehe 23 Mei 2015, umati uliokuja ulikuwa mkubwa ajabu. Angalia jinsi jina alilopewa na wanakijiji lilivyodumu kuliko lile alilokuja nalo.

Kisha nenda Mathari, kwenye kanisa la ukumbusho wa Waitaliano, lililojengwa mwaka wa 1952. Huenda unalijua lile kanisa dogo sana lililo kwenye mteremko wa Mai Mahiu, ambalo mateka wa Kiitaliano walilijenga mwaka wa 1942 walipokuwa wakitengeneza barabara. Hili la Mathari ni la wale ambao hawakurudi kwao. Wamelazwa humo Waitaliano 676, kila mmoja na nafasi yake ukutani. Pamoja nao yumo Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyekuwa mwakilishi wa mfalme wa Italia kule Ethiopia. Alisalimu amri kwa Waingereza mwaka wa 1941 na kufariki Nairobi akiwa mateka tarehe 3 Machi 1942. Alizikwa pamoja na askari wake.

Mwisho fika kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro. Kaburi la Baden-Powell, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941, utalitambua kwa alama ya duara lenye nukta katikati, ambayo kwa maskauti ina maana ya kwamba mwenye kuiacha amekwisha kwenda nyumbani. Majivu ya mkewe Olave, aliyefariki mwaka wa 1977, yaliletwa yakazikwa hapohapo. Jirani yao ni Jim Corbett, yule mwindaji wa chui na simbamarara wala watu wa India, aliyehamia Nyeri na kufariki mwaka wa 1955. Wageni kutoka pembe zote za dunia huja kupiga picha hapo.

Kaburi lisilo na jiwe

Baada ya kuona haya yote, waulize watoto swali moja. Katika mji huu Mwingereza ana kaburi lake, naye Mwitaliano ana nafasi yake ukutani. Je, Dedan Kimathi, mwana wa Nyeri, amezikwa wapi?

Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa hapahapa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Alizikwa bila alama. Mjane wake, Mukami Kimathi, alidai mabaki ya mumewe kwa miaka mingi ili amzike kama watu wanavyozikwa, hadi naye alipofariki Mei 2023. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka wa 2003. Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa Nairobi mwaka wa 2007. Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa, na mwaka wa 2015 mnara wa kumbukumbu ukafunguliwa Uhuru Park. Yote hayo ni mema, lakini kaburi lingali halina jiwe.

Kwa hivyo ukiingia kanisani mahali popote, soma majina. Soma yaliyochongwa kwenye mabenchi, kwenye birika la ubatizo, chini ya madirisha, kwenye vibao vya shaba ukutani. Uliza ni nani aliyetoa, ni nani anayekumbukwa, na ni nani asiyetajwa. Samani za kanisa la kale ni daftari, na kama madaftari yote, lina kurasa zilizoachwa tupu.

Kuvitunza tulivyonavyo

Hatari kubwa ya vitu hivi si wezi pekee. Hatari ni unyevu unaopanda ukutani polepole, paa linalovuja kidogo likapuuzwa, na mikono yenye mafuta inayogusa picha kwa upendo. Hatari nyingine ni kamati yenye nia njema inayotaka kanisa lipendeze kabla ya harambee. Si ajabu kuona mabenchi ya mbao ngumu yametupwa nje ili viti vya plastiki vipate nafasi, au dirisha la zamani limeng'olewa likawekwa la alumini. Kopo moja la rangi nyeupe laweza kufuta asubuhi moja kile ambacho hakiwezi kuchorwa tena. Sheria ya mwaka wa 2006 ya Makavazi na Turathi inairuhusu serikali kutangaza jengo au kitu kuwa cha kuhifadhiwa, lakini sheria haizibi paa. Paa huzibwa na washirika.

Basi ukienda, nenda kwa adabu. Usiingie katikati ya ibada kana kwamba ni maonyesho. Subiri imalizike, umwamkie mzee wa kanisa au mtunzaji, umweleze mmetoka wapi, uombe ruhusa ya kutazama na ya kupiga picha. Waambie watoto waweke mikono nyuma. Penye sanduku la sadaka, toa chochote cha kusaidia matengenezo. Wanafunzi wa sanaa na historia wabebe daftari na penseli, kwa maana anayechora kitu hukiona vizuri kuliko anayekipiga picha na kwenda zake.

Na kama katika safari hiyo mna nyanya au guka, usimwache garini na soda. Mshike mkono aingie nanyi pale Murang'a, mpeni kiti mbele ya ile picha ya Gethsemane, kisha mnyamaze. Wengi wa rika lake walikuwa watoto katika vile vijiji vya mahandaki, na kuna mambo ambayo hawajawahi kuwasimulia wajukuu wao kwa sababu hakuna aliyeuliza. Akianza kusema, dereva na angoje.